Uzoefu wangu: tamasha la muziki wa chemba bustanini, Massachusetts

Programu ya muziki huu wa kundi dogo la wapigaji imepangwa vizuri. Inaanza na kwinteti (utungo wa ala tano) ya Mozart ya mwaka 1784, namba K. 452 katika orodha ya kazi zake, ya piano na ala za kupuliza: zumari, klarineti, honi na fagoti. Inafuata kwinteti ya Schubert ya 1819, piano na ala za nyuzi: fidla, viola (fidla kubwa kidogo), selo na besi. Kisha seksteti (utungo wa ala sita) ya mtunzi Dohnányi ya 1935, ambamo klarineti na honi hukutana na fidla, viola, selo na piano. Masikio yanazoea kila familia ya ala kabla hazijachanganywa.

Kazi ngumu ya tamasha la nje ni kutuni, yaani kulinganisha noti za ala. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde kwenye sentigredi 20, na mita 349 kwenye 30, kwa hiyo joto likizidi noti za ala za kupuliza hupanda. Nyuzi za fidla nazo hutanuka, zikalegea, zikashuka. Piano haimfuati mtu, wote huifuata yeye. Jua likizama mambo hugeuka. Hapa nawasifu sana: piano ilikaa kivulini, fundi akaituni tena karibu na muda wa kuanza, na baada ya mapumziko wapigaji walichukua upya noti ya A kutoka kwenye piano. Seksteti ikakaa sawa mpaka mwisho.

Mpiga klarineti aliipasha moto ala yake kwa viganja kabla ya kupuliza. Klarineti na zumari nyingi huchongwa kwa mpingo, ule wa Tanzania na Msumbiji, na mpingo uliopoa ukipokea pumzi ya moto ghafla waweza kupasuka.

Kilichoniudhi ni honi. Mdomo wake mpana wa kutolea sauti hutazama nyuma, hivyo unahitaji ukuta wa kurudisha sauti. Nyuma ya jukwaa palikuwa na kitambaa tu, na kitambaa hakirudishi kitu. Majibizano yake na klarineti yalipotea nusu. Mbao chache za kuakisi zingetosha. Anayetaka nyasi na sauti kamili aende ukumbi wa Ozawa Hall, Tanglewood, jimbo hilohilo, iliyofunguliwa mwaka 1994: wapigaji wako ndani ya kuta, na sehemu ya nyuma ya ukumbi hufunguliwa kuelekea uwanja wa nyasi.

Kuhusu kiti: mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili unapoteza desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti). Piano huvumilia, viola haivumilii. Tafuta katikati, mita 6 hadi 12 kutoka jukwaani, mbali na spika. Ukikaa karibu nazo, ala zote husikika kutoka kwenye boksi moja.

Beba sweta na kiti kifupi, maana virefu huzuia walio nyuma. Ukijipaka dawa ya mbu yenye DEET, usiguse ala ya mtu mnapokwenda kuwasalimu wapigaji: huyeyusha vanishi ya fidla.