GetOrganelle kwa mitokondria za mbawakawa wa majani: nyota 4 kati ya 5

Anayechunguza mbawakawa wa majani (familia ya Chrysomelidae) huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia mbawakawa wa jenasi Ootheca wanaotoboa majani ya maharage mvua zikianza hadi fukusi walio ghalani, anahitaji programu ya kuunda jenomu ya mitokondria (DNA yote ya mitokondria) kutoka vipande vifupi vya DNA vilivyosomwa na mashine, isiyotegemea jenomu ya ndugu wa karibu. Kwa spishi nyingi za Afrika ndugu huyo hajasomwa bado. GetOrganelle, iliyotengenezwa na Jian-Jun Jin na wenzake na kuchapishwa mwaka 2020, inakidhi haja hiyo. Ni ya bure, na inafanya kazi kwenye Linux na macOS. Mwenye Windows apitie WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows.

Programu inaanza na mfuatano wa mbegu, yaani kipande cha mitokondria ya mdudu mwingine, hata wa mbali. Inatafuta vipande vya DNA vinavyofanana na mbegu hiyo, kisha inatumia vilivyopatikana kutafuta vingine, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka vipya viishe au idadi ya mizunguko iliyowekwa kwa -R ifikiwe. Baada ya hapo SPAdes, programu ya kuunganisha vipande, inaviunganisha. Chaguo za kuanzia kwenye amri ni -F animal_mt (yaani mitokondria ya mnyama) -R 10 -k 21,45,65,85,105, zinazofaa kwa vipande vya herufi 150 za DNA. Ikishindwa kupata chochote, mara nyingi mbegu iko mbali mno: weka yako kwa -s, hata COI (kipande cha jeni ya mitokondria kinachotumika sana kutambua spishi) ya herufi 658 ya mbawakawa mwenzake inaweza kutosha.

Kwa mazingira yetu kuna mambo mawili yanayoipa alama za juu. Kwanza, kanzidata ya mbegu inaweza kupakuliwa mara moja mahali penye mtandao mzuri, ikasakinishwa kwa --use-local, na kazi iliyobaki ikafanyika bila bando. Pili, umeme ukikatika katikati ya kazi, --continue inaendelea kutoka hatua iliyofikiwa. RAM ikiwa ndogo, ongeza --memory-save. Itachukua muda mrefu zaidi lakini laptopu haitaganda.

Matokeo mabovu mengi huanzia kwenye chupa ya sampuli, na hapo programu haina lawama. Mdudu aingie kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, nayo ibadilishwe baada ya siku moja kwa kuwa maji ya mwilini huipunguza nguvu. Toa DNA kwenye mguu au misuli ya kifua, usiguse tumbo. Tumboni mna majani aliyokula, na pia huweza kuwemo kiluwiluwi cha nyigu au nzi kimelea. Huyo wa pili ni hatari zaidi: mitokondria yake ni ya mnyama, kwa hiyo animal_mt itaipokea bila kulalamika. Usichanganye wadudu wawili katika kijaluba kimoja. Tofauti zao huonekana kwenye grafu (mchoro wa jinsi vipande vilivyoungana) kama njia zinazogawanyika na kukutana tena, na programu italazimika kuchagua mojawapo.

Nyota iliyopungua inahusu neno "circular" (duara limefungwa, jenomu imekamilika) kwenye faili la kumbukumbu. Watu wengi wakiliona wanafunga kazi. Mitokondria ya mbawakawa ina jeni 37: 13 za protini, 22 za tRNA na 2 za rRNA, pamoja na eneo la udhibiti lenye A na T nyingi na mara nyingi marudio marefu. Marudio yakizidi urefu wa kipande kilichosomwa, programu huyabana na duara linafungwa likiwa fupi kuliko uhalisia. Fungua faili la gfa, lenye grafu, kwenye programu ya Bandage, kisha rudisha vipande vyote juu ya jenomu kwa programu ya Bowtie2 uangalie kina cha usomaji, yaani idadi ya vipande vinavyofunika kila sehemu. Kikipanda ghafla kwenye eneo la udhibiti, kuna marudio yaliyobanwa. Andika kwamba urefu wa eneo hilo haujathibitishwa. Jeni zenyewe kwa kawaida huwa salama.

Duara huweza pia kukatwa popote na kutoka upande wa kinyume, hivyo ligeuze lianzie kwenye trnI (mojawapo ya jeni za tRNA) kabla ya kulinganisha spishi. Kutambua jeni ni kazi ya programu ya MITOS2, inayopatikana bure kwenye tovuti ya Galaxy. Chagua jedwali la 5 la kodoni (herufi tatu tatu zinazotaja amino asidi), la mitokondria za wadudu. Ukitumia la 1, TGA itasomwa kama mwisho wa jeni ilhali hapa ni triptofani. Kagua kwa mkono mwanzo wa cox1 (jeni ambayo COI ni kipande chake), miisho ya jeni iliyokatika kuwa T au TA tu, na trnS1, tRNA isiyo na mkono wa D, ambayo huwa inarukwa au kukosewa.

Kwa uainishaji, jeni 13 za protini zinatoa herufi takriban 11,000 badala ya 658 za COI. Data za aina hii zimesaidia kuonyesha makundi makubwa ndani ya Chrysomelidae, na fukusi wa maharage, waliowahi kupewa familia yao ya Bruchidae, wanaangukia kundi moja na nusufamilia za Sagrinae, Criocerinae na Donaciinae. Ootheca wao wako nusufamilia ya Galerucinae. Lakini nafasi ya tatu ya kodoni hubadilika haraka mno kwa matawi ya kale, na wingi wa A na T huweza kuwaunganisha wasio ndugu. Kwa matawi hayo tumia amino asidi pamoja na modeli ya CAT, inayoruhusu kila nafasi iwe na mchanganyiko wake wa amino asidi, kwenye programu ya PhyloBayes, kisha linganisha na mti wa ukoo wa modeli ya kawaida.

Kwa spishi zinazokaribiana tahadhari ni nyingine. Mitokondria hurithiwa kwa mama tu, na bakteria Wolbachia wanaweza kueneza aina moja yake hadi ikavuka mpaka wa spishi. Ongeza angalau jeni moja ya kiini cha seli. Mwili uliobaki ubanwe kwa pini na lebo ya kijiji, mwinuko na tarehe, tumbo likiwa zima: rangi ya Ootheca mutabilis hubadilika mno kuweza kutegemewa, na viungo vya uzazi vya dume ndivyo vitakavyohitajika jina la spishi likitiliwa shaka.