TAHADHARI: Anayeuza "unga wa bakteria" na kokoto za akwaponiksi, samaki wangu 14 wamekufa

Wadau naomba mnisome hasa nyie mnaoanza. Kuna jamaa anauza mtandaoni seti nzima ya akwaponiksi ya nyumbani (kufuga samaki na kupanda mboga kwa maji yale yale), tanki, pampu, kokoto za kupandia, pakiti ya unga anaouita bakteria hai pamoja na chupa ya virutubisho, na tangazo lake linasema unafunga asubuhi jioni unaweka samaki. Nikaamini. Nikaweka perege 20 wa saizi ya kiganja kwenye lita 500, siku ya tisa walikua wamebaki 6.

Siku ya nne jioni nimerudi nikakuta wote wako juu wamepanga midomo kwenye hewa, mashavu yanapiga haraka haraka, chakula cha asubuhi kinaelea vile vile. Nikamrekodia video nikamtumia inboksi, akajibu fasta kabisa "bosi wangu hiyo kawaida, maji yanakomaa, ongeza unga vijiko viwili". Nikaongeza. Kulipokucha maji yamekua meupe kama mtu kayamwagia maziwa na samaki watatu wako chini wamelala ubavu. Kumbe ule unga, kama una kitu chochote hai ndani, ni wale bakteria wa kula taka tu, wanazaliana kwa kasi wanamaliza oksijeni na amonia, ile sumu inayotoka kwenye uchafu wa samaki, wanaiacha pale pale. Wale tunaowahitaji sisi, wa kugeuza amonia iwe nitriti halafu nitriti iwe nitrati ambayo ni chakula cha mimea, hawana mbegu ya kulala kama bakteria wengine, ukiwakausha wakawa unga wengi wanakufa. Ndo maana wa kweli wanauzwa kwenye maji, chupa ina jina la bakteria na tarehe ya kuisha, na muuzaji makini anawaweka mahali pa baridi. Pakiti yangu haikua na jina wala tarehe, imeandikwa BAKTERIA HAI basi.

Sasa jinsi anavyowanasa watu ni zile karatasi za kupimia. Kwenye video zake anachovya karatasi kwenye tanki, viboksi vyote vinatoka rangi nzuri, anasema mnaona maji safi. Na kwenye seti yangu aliniwekea hizo hizo, nikapima kila siku nikaona poa. Kuja kuzigeuza nisome kopo vizuri, zinapima pH (kiwango cha uchachu wa maji), ugumu wa maji, alkalini, nitriti na nitrati. Amonia HAIMO. Yaani kitu kinachoua samaki wiki ya kwanza ndo kitu pekee ambacho karatasi yake haioni!

Rafiki yangu akaja na vipimo vya matone. Tone za amonia zilitakiwa zibaki njano, zikaenda kijani kizito, 4 mg kwa lita. Nitriti sifuri, nitrati sifuri. Hapo hakuna ubishi, kama bakteria wangekua wanafanya kazi hata kidogo nitriti au nitrati ingepanda, sifuri zote mbili na amonia iko juu maana yake hakuna aliyeanza kazi.

Halafu pH ikasoma 8.2 wakati maji yangu ya bomba ni 7.2. Nikashangaa imepandaje. Rafiki akachukua kokoto moja kwenye kitanda cha kupandia, anaziuza kama mawe ya volkano, akaiosha akaidondoshea siki, ikaanza kutoa povu na mlio mdogo wa chii chii kama soda. Mawe ya chokaa yale. Chokaa inavuta pH juu muda wote, na amonia ile ile inakua kali zaidi pH ikipanda, kwenye maji ya nyuzi 28 ukiwa na pH 7 sehemu yenye sumu haifiki hata asilimia 1, ukifika 8.2 ni kama asilimia 10. Kwa hiyo kokoto zake na unga wake vilishirikiana kuniulia samaki, hiki ndo kinaniuma kuliko hela.

Chupa ya virutubisho sitaki hata kuichambua sana. Letusi zilitoa majani mapya ya njano yenye mishipa ya kijani, hiyo ni njaa ya chuma, na chupa haisemi chuma chake ni aina gani. Chuma huwa kimefungwa na kemikali ya kukishikilia kwenye maji, cha EDTA kwenye pH ya 8 hakishiki, cha DTPA kinavumilia mpaka kama 7.5 hivi.

Hao 6 niliwaokoa hivi: nikakata chakula kabisa, nikabadilisha nusu ya maji kwa maji yaliyokaa na pampu ya hewa siku nzima klorini itoke (kama ya kwenu yana kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, kukaa tu hakutoshi, inahitaji dawa yake), nikatoa kokoto zote, na rafiki akanipa sponji chafu kutoka kwenye filta yake iliyokomaa. Hilo sponji lililojaa matope ya kahawia ndo lina wale bakteria wa kweli, lilifanya ulichoshindwa unga wote. Hata hivyo ilichukua muda, amonia na nitriti zilikuja kusoma sifuri zote mbili wiki ya tano.

Nilipomdai hela akasema nilinunua samaki wagonjwa, nikamtumia picha ya vipimo na video ya siki, akaniblok. Akaunti ameshabadilisha jina mara mbili tangu hapo ila picha ni zile zile: tanki la bluu, letusi kubwa ambazo ukitafuta picha zinatokea kwenye kurasa za watu wengine kabisa, na komenti za wanaolalamika zinafutwa. Mkimuona mwambieni apime amonia kwa matone mbele ya kamera na adondoshee siki kokoto zake. Mimi nilimwomba hivyo kabla hajaniblok, alisoma hakujibu. Na kama mmeshanunua hizo kokoto jamani zidondosheeni siki leo, kabla samaki hawajaingia.