Mbio za mitaani za kilomita 5, 10 na 21: zipi zina ushindani, zipi zina umati tu

Mbio mbili za kilomita 10 zinaweza kutangazwa wikiendi moja, zote zikiwa na medali, fulana na namba ya kifuani, na bado ukanunua vitu viwili tofauti kabisa. Kwa moja, watu 3,000 wanajitokeza na mshindi anamaliza kwa dakika 36. Kwa nyingine wako 150, na mwenye dakika 36 anaambulia nafasi ya 20. Tangazo halikuambii ipi ni ipi. Waandaaji hujisifu kwa idadi, na idadi ni kipimo kibovu cha ushindani. Tathmini hii inapima aina za mbio hizo kwa jambo moja: ukilipa ada, utapata mtu wa kukimbizana naye au utapata msongamano?

Kabla ya kujisajili, fungua matokeo ya miaka iliyopita. Hesabu waliomaliza, usihesabu waliojisajili. Wapo wanaochukua fulana wakarudi kulala. Kisha chukua muda wa mshindi na muda wa mtu wa kumi, wanaume peke yao na wanawake peke yao. Mshindi akiwa na 32:00 na wa kumi 34:00, pengo ni sekunde 120 kwa 1,920, yaani asilimia 6 na kidogo. Hizo ni mbio hasa. Wa kumi akiwa na 40:00, pengo ni asilimia 25: mshindi alikimbia na pikipiki ya kuongoza njia, basi. Kwa kadirio letu, chini ya asilimia 10 ni ushindani mzuri kwa mbio za mtaani, kati ya 10 na 20 ni wa wastani, na zaidi ya hapo jina la mshindi halina uzito. Hesabu ya wanawake usiiruke. Mbio zenye wanaume kumi wanaofukuzana zinaweza kuwa na mwanamke wa kumi aliye dakika 15 nyuma ya wa kwanza, na mkimbiaji wa kike mwenye nia ya kushindana atakuwa amenunua matembezi.

Kipimo cha pili ndicho kinachowafaa wengi wetu tusiopanda jukwaani. Angalia muda wako umekaa wapi kwenye orodha. Kama unakimbia kilomita 10 kwa dakika 50, hesabu waliomaliza kati ya 49:00 na 51:00. Wakiwa kumi au zaidi, utapata kundi la kujificha upepo na mtu wa kukuvuta kilomita ya nane, pale miguu inapoanza kudai. Wakiwa wawili, upepo wote ni wako. Kwa mtu wa kasi ya kati, mbio kubwa zinashinda hapa karibu kila mara, hata kama mbele hakuna mtu wa maana.

Usitegemee matokeo ya mwaka mmoja. Mbio zilezile, kwenye barabara ileile, hubadilika sana mwaka hadi mwaka, na sababu huwa zinajulikana. Ya kwanza ni zawadi, hasa jinsi ilivyogawanywa. Fedha nyingi kwa mshindi pekee huleta wakali wawili watatu na kuwafukuza wengine, kwa maana aliye wa nne kwa uwezo anajua atarudi mikono mitupu. Fedha zilezile zikigawanywa hadi nafasi ya kumi hujaza mbele. Ya pili ni kalenda: nusu marathoni inayoangukia wiki tatu au nne kabla ya marathoni kubwa hupata watu walio kwenye kilele cha mazoezi wakitafuta kipimo. Ikigongana na mbio nyingine zenye zawadi nono siku hiyohiyo, mbele hubaki patupu na umati usijue tofauti. Ya tatu ni ubingwa wa klabu. Mbio zikiteuliwa kuwa za ubingwa na alama za timu zikahesabiwa kwa wakimbiaji kadhaa wa kila klabu, hata mtu wa nafasi ya 40 anapigania kitu, na ushindani hushuka hadi katikati ya orodha.

Sasa aina zenyewe. Mbio ndogo za klabu, za watu 50 hadi 300, ndizo tunazozipa alama za juu kwa ushindani wa mbele. Hazina muziki, mara nyingi hazina medali, na wanaokuja ni wale wanaofanya mazoezi. Mstari wa kuanzia unauvuka ndani ya sekunde chache. Kasoro yake huanza baada ya kilomita tatu hivi: watu wanatawanyika, na asiye na kundi anabaki peke yake hadi mwisho. Wasimamizi wa njia nao ni wachache, kwa hiyo isome ramani mapema, hususan ukiwa mmoja wa watano wa kwanza. Anayeongoza akikosea kona, wanaomfuata huingia shimo lilelile.

Kwenye mbio hizo kuna jambo la kuangalia mwishoni. Pasipo na chipu, yaani kile kifaa kidogo cha mkimbiaji kinachosomwa na mkeka wa barabarani ili kurekodi muda, mtu mmoja hubonyeza saa kila anapopita mkimbiaji, na mwingine huandika namba za kifuani kwenye ujia mwembamba baada ya mstari. Ni orodha mbili zinazounganishwa baadaye. Mkimbiaji akitoka kwenye ujia kabla namba yake haijaandikwa, orodha ya namba inapungukiwa na mtu mmoja, na kila aliye nyuma yake anapewa muda wa aliyemtangulia. Ndiyo maana watu wazima wenye akili zao hujikuta wameboresha muda wao kwa sekunde nne bila maelezo. Linganisha na saa yako ya mkononi, na usivuke ujia huo kwa kupitana.

Mbio kubwa za jiji, za watu elfu tatu kwenda juu, ni bidhaa nyingine. Fanya hesabu ya mstari wa kuanzia: upana wa mita 5 unabeba watu kama saba bega kwa bega, mstari mmoja ukipita kila sekunde, ni watu 420 kwa dakika, na elfu tatu wanahitaji dakika saba. Chipu inaokoa muda wako, kwa kuwa huanza kuhesabu unapokanyaga mkeka wa mwanzo. Haikuokoi na kilomita ya kwanza ya kukwepa migongo. Mtu wa kasi ya dakika 4 kwa kilomita anayeongeza mita 150 kwa kupenya huku na huku anapoteza sekunde 36, na hakuna chipu itakayozirudisha. Waandaaji wazuri hutenga vizimba, yaani sehemu za kusimama kabla ya kuanza, kwa muda unaotarajiwa na kudai uthibitisho wa matokeo ya awali. Wasiodai uthibitisho wanapata vizimba vya ndoto, mtu wa dakika 65 akisimama mbele ya mtu wa 45. Hili ndilo swali la kwanza la kuwauliza kabla ya kulipa.

La pili ni kama nafasi hupangwa kwa muda wa bunduki, unaoanza mbio zinapoanzishwa, au wa chipu, unaoanza unapovuka mstari. Kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha duniani, hutambua muda wa bunduki kuwa ndio rasmi na huruhusu ule wa chipu utangazwe tu kwa taarifa. Mbio nyingi za mitaani hutumia bunduki kwa washindi wa jumla na chipu kwa makundi ya umri, lakini si zote. Kama unawinda nafasi katika kundi lako la umri na kanuni ni ya bunduki, kusimama nyuma kwa adabu kunakugharimu jukwaa. Chipu yenyewe hukaa nyuma ya namba ya kifuani. Usiikunje, usiifunike kwa koti, wala usiivae ubavuni chini ya mkanda wa chupa. Maji na mwili hunyonya mawimbi ya redio, na mkeka unakupita kama hukuwepo.

Mbio za hisani za kilomita 5 tunazipa alama nzuri kwa sherehe na sifuri kwa kipimo. Njia mara nyingi haijapimwa, vigari vya watoto viko mstari wa mbele, na zawadi ikiwepo inaweza kwenda kwa yeyote aliyeamka vizuri. Ukitaka kilomita 5 ya kujipima, parkrun, mbio za kila wiki za bustanini, ni bora zaidi na ni bure. Ilianza mwaka 2004 katika Bushy Park, London, ikiwa na wakimbiaji 13, na leo iko katika nchi nyingi. Wenyewe hawaiiti mashindano, ila matokeo yanatoka kila wiki, kwa hiyo data ya kulinganisha ni tele. Idadi hutofautiana mno kati ya bustani na bustani, na pale penye njia nyembamba watu mia tatu tayari ni foleni.

Kwa mbio za milimani na porini, sahau muda. Nafasi ndiyo kipimo. Angalia tu umbali kutoka mwanzo hadi pale njia inapobana. Kama ni mita 400, lazima uanze kwa kasi kuliko unavyopenda au utatembea nyuma ya wengine kilomita nzima.

Ukilinganisha mbio za barabarani, hakikisha pia unalinganisha umbali ule ule. Njia iliyopimwa kihalali hupimwa kwa baiskeli iliyohakikiwa kipimo chake kwanza, ikifuata mstari mfupi kabisa, sentimita 30 kutoka ukingoni kwenye kona, kisha huongezwa mita 1 kwa kila kilomita isije ikapunguka. Kilomita 10 basi huwa mita 10,010 kwa aliyekata kona vizuri, na saa ya mkononi kusoma 10.1 si ushahidi wa njia mbovu. Kona moja ya pembe mraba ukiipita mita 2 nje unaongeza zaidi ya mita 3. Kona 20 za hivyo ni mita 60 na ushee, karibu sekunde 19 kwa kasi ya dakika 5 kwa kilomita. Cheti cha kipimo hudumu miaka mitano, na njia ikibadilishwa hata kidogo hakifai tena. Angalia mteremko pia: kwa rekodi, kushuka kusizidi mita 1 kwa kilomita, na mwanzo na mwisho visitengane kwa zaidi ya nusu ya umbali. Marathoni ya Boston inavunja masharti yote mawili, ndiyo maana 2:03:02 ya Mkenya Geoffrey Mutai mwaka 2011 haikuwa rekodi ya dunia ingawa ilikuwa kasi kuliko iliyokuwepo.

Wakimbiaji wa miaka 40 kwenda juu wana kipimo chao, nacho ni asilimia ya umri, inayolinganisha muda wako na ubora wa dunia kwa umri na jinsia yako. Kwa kawaida 60 huitwa kiwango cha mtaa, 70 cha mkoa, 80 cha taifa, 90 cha dunia. Matokeo yanayoonyesha safu hiyo ni hazina: hesabu waliozidi 70 utajua uzito wa mbio kuliko kwa kuangalia mshindi. Ila makombe ya makundi ya umri yasikudanganye. Katika mbio za watu 200 zilizogawanywa kwa miaka mitano mitano, kundi la wanawake wa 60 hadi 64 linaweza kuwa na watu wawili, na wa tatu hayupo wa kupewa shaba.