BIND 9 ofisini: anwani za kudumu na zinazobadilika, uzoefu wangu

BIND 9 ndiyo seva ya majina ya ofisi yetu, yaani programu inayotoa anwani ya mashine kutokana na jina lake, na ninachoipendea ni jinsi inavyobeba aina mbili za mashine: zenye anwani ya kudumu, yaani seva, printa na swichi, na zile laptopu na simu zinazogawiwa anwani na DHCP (huduma ya kugawa anwani kwenye mtandao) kila zinapoingia. Ila usizichanganye kwenye zoni moja, yaani orodha moja ya majina na anwani zake. Wengi wanaichukia programu hii kwa sababu hiyo tu.

Zoni ikisharuhusiwa kupokea mabadiliko kutoka DHCP, BIND huyaandika kwanza kwenye faili lenye mwisho wa .jnl, na baadaye ndipo huyahamishia kwenye faili la zoni. Basi unaweza kulifungua faili usilione jina ambalo seva inalijibu vizuri kabisa. Ukitaka kuongeza printa kwa mkono, unaanza na amri ya rndc freeze (kusimamisha mabadiliko), unahariri, halafu rndc thaw (kuyaruhusu tena), na muda wote huo maombi ya DHCP yanakataliwa. Kibaya zaidi, BIND ikiliandika upya faili, maelezo yako yote yaliyofuata nukta-mkato yanafutika. Kwangu hilo ni kubwa, maana maelezo hayo ndiyo yanayosema printa ipi iko chumba kipi.

Tulichofanya: zoni kuu inahaririwa kwa mkono tu, na chini yake kuna zoni ndogo, dhcp, ya mashine zinazobadilika. Kea, ambayo ndiyo seva yetu ya DHCP, inapewa ufunguo wa TSIG (siri ya kuthibitisha anayetuma mabadiliko) unaoruhusu kugusa hiyo ndogo peke yake. (ISC, watengenezaji wa BIND na Kea, waliacha kuihudumia seva yao ya zamani ya DHCP mwaka 2022, hivyo anayeanza sasa aanze na Kea.) Mtu akija na laptopu aliyoipa jina "printa", inasajiliwa kama printa.dhcp na printa yenyewe haiguswi. Nililijaribu makusudi, na ndivyo ilivyokuwa.

Panapotaka kufikiri zaidi ni zoni za kinyume, zinazotoa jina kutokana na anwani, kwa sababu kwa kawaida hukatwa kwenye nukta za anwani. Tuliupanua mtandao ukawa 192.168.10.0/23: zinazoanza na 192.168.10 ni za kudumu, za 192.168.11 ni za DHCP. Kila upande ukapata faili lake.

Kero iliyobaki ni namba ya toleo la zoni kuu, ambayo lazima uipandishe mwenyewe kila unapohariri. Usipoipandisha, seva za akiba, zinazonakili zoni hiyo, zinaendelea kutoa majibu ya zamani, na named-checkzone, zana ya kukagua faili la zoni, haitakuonya, kwani yenyewe inakagua makosa ya uandishi.

Kwa ofisi yenye mashine chache na seva moja, sishauri haya yote. Weka dnsmasq: inagawa anwani na kujibu majina yenyewe, bila ufunguo wala zoni ya kuandika.