Caravan za Dar, Unguja, Pemba na Tanga: maoni ya fundi mwenye mzigo mzito

Natengeneza mashine za hospitali: za oksijeni, ultrasaundi, friji za chanjo, chochote chenye waya na kengele. Ofisi iko Dar, wateja wengi wako Pemba, Mafia na Tanga, kwa hiyo maisha yangu yako ndani ya Cessna Caravan. Watu wakiniuliza kama ndege hizi ndogo zinafaa, huwaambia zinafaa sana, mradi uzichukulie kama daladala. Ruti ina mwanzo na mwisho, ila vituo vya katikati hutegemea nani amekata tiketi siku hiyo.

Ukizoea ndege kubwa hili linakuchanganya. Air Tanzania na Precision Air wamejenga mtandao wao kwa kuizunguka Dar: mtu wa Songea anayekwenda Bukoba kwa kawaida hupitia Dar, anabadilisha ndege, anaendelea. Caravan hazina mambo hayo. Tiketi yangu inaweza kusema DAR kwenda PMA, yaani Dar mpaka Pemba, na haisemi popote kwamba tutatua Unguja, abiria nusu watashuka, watapanda wengine, na mimi nitabaki palepale kwenye kiti na mkanda wangu. Siku nyingine tunapita moja kwa moja. Siku nyingine ndege ikitoka Pemba inavuka mkondo mpaka Tanga, safari ya kama dakika ishirini hivi, ambayo kwangu ndiyo kipande bora kuliko vyote. Asubuhi unafunga kazi Chake Chake, mchana uko Bombo, hospitali ya mkoa pale Tanga, unafungua mashine nyingine. Kwa njia ya maji na barabara, hiyo ni kazi ya siku nzima na usiku wake.

Jambo ambalo hutaambiwa kaunta ni kwamba mtandao huu umechorwa na watalii. Ndege inayokuja kukuchukua wewe uende Pemba huenda asubuhi hiyo ilikuwa Arusha, au Seronera katikati ya Serengeti, au kwenye kiwanja cha changarawe ndani ya Hifadhi ya Nyerere. Mgeni akichelewa kutoka kambini kwa sababu kamwona chui, wewe uliyekaa Unguja unamngojea chui. Ndiyo maana safari ya kwanza ya asubuhi ndiyo ninayoiamini. Ya alasiri imeshabeba ucheleweshaji wa watu wengine wote. Na ndiyo maana Aprili na Mei, masika yakikolea na kambi nyingi zikifungwa, ratiba inapungua hata kwa sisi tusio na habari na simba. Abiria wasipofika idadi, safari mbili zinaunganishwa kuwa moja na unapigiwa simu jioni: "Kaka, kesho tumekusogeza mbele kidogo." Kidogo yao iulizie saa.

Sasa mzigo. Kikomo ni kilo kumi na tano, na wanapenda begi laini, si sanduku gumu. Nilikuwa nadhani ni ukorofi mpaka rubani mmoja aliponionyesha: mabegi hayaingii nyuma ya viti, yanaingia kwenye kihori kilichobandikwa chini ya tumbo la ndege, chembamba na kifupi. Sanduku gumu halikunjiki, linakula nafasi ya mabegi matatu. Tangu hapo spana, bisibisi na mita yangu husafiri ndani ya begi la turubai, zimefungwa kwenye taulo. Usijaribu kuingia nazo mkononi, zitabaki kwa askari wa ukaguzi.

Abiria nao hupimwa. Ndege ya injini moja yenye viti kumi na kitu lazima ijue imebeba nini na nani kakaa wapi. Pale Pemba nilisimama nyuma ya bibi mmoja mwenye buibui na kikapu cha ukili kilichojaa maembe. Binti wa kaunta akamwamkia shikamoo, akamwomba apande mizani na kikapu chake. Bibi akamtazama. "Mie na maembe tunapimwa pamoja, mwanangu? Basi na nauli tugawane." Binti alicheka mpaka akashindwa kuandika. Maembe yakapita.

Ndani usitegemee huduma. Hakuna choo, hakuna soda. Rubani anageuka kwenye kiti chake, anakuonyesha mlango na jaketi la kujiokolea, anageuka tena, mmeondoka. Makelele yapo, mimi huvaa vizibo vya masikio vilevile ninavyovaa karibu na jenereta. Lakini bawa liko juu ya madirisha, hivyo kila kiti kina mandhari. Dar mpaka Unguja ni kama dakika ishirini, Unguja mpaka Pemba kama nusu saa, na bahari ikiwa kavu unaona mafungu ya mchanga yote na ngalawa zilizosimama juu yake. Rubani akiwa peke yake, kiti cha mbele hupewa abiria. Kiombe.

Msimu wa kusi ndege hutikisika, hilo sitalificha, hasa mkikaribia kutua Mafia. Ila mtu aliyekwisha kuvuka kwa boti kutoka Nyamisati mpaka Kilindoni wakati wa kusi hatalalamikia mtikisiko wa nusu saa.

Nina kinyongo kimoja, na kampuni siitaji. Ndege ilizidi uzito, begi langu likashushwa bila mimi kuambiwa. Nilitua Pemba mikono mitupu, mashine ya ultrasaundi iko wazi mezani, wajawazito wamepanga foleni kwenye benchi, na probu mpya, kile kichwa cha mashine kinachopitishwa juu ya tumbo, imelala Dar. Ilifika kesho yake. Kushusha mzigo naelewa, maana uzito ni uzito. Kutonipigia hata simu sikuelewa, na sijaelewa. Siku hizi kifaa kinachosubiriwa na wagonjwa nakipakata, begi la nguo ndilo linaloachwa kama kuna kuachwa.

Anayeanza, mambo machache. Dar, mwambie dereva Jengo la Kwanza (Terminal 1) la uwanja wa ndege, ukimwachia mwenyewe atakupeleka la Tatu, na ni mbali kati ya hayo mawili. Kitambulisho kiwe mkononi. Uliza kama tozo za kiwanja zimo ndani ya nauli. Na swali la maana kuliko yote unapokata tiketi: ndege hii kabla ya kunichukua mimi inatoka wapi? Ukiambiwa imelala hapohapo, lipa. Ukiambiwa inatoka mbugani, na kesho asubuhi una mkutano Wete, ondoka leo.

Kutoka Pemba kwenda Mafia kwa siku moja kunawezekana, kupitia Unguja na Dar, ila vipande vyote vikatwe kwenye kampuni moja. Kipande cha kwanza kikichelewa, wanaokusubiri Dar ni wenzao, na begi lako halihitaji kupita kaunta upya.