Mwongozaji Aliyewapigia Makofi Ndege Waliolala: Uzoefu Wangu

Nililipia siku nzima ya kutazama ndege wa pwani mwanzoni mwa majira ya machipuko, na hadi maji yalipojaa nilikuwa tayari kumsifu mwongozaji wetu kwa kila nimjuaye. Alizijua saa za kupwa na kujaa, akatukalisha mahali ambapo bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa, lingewasukuma ndege kutoka matopeni waje karibu nasi, na alimtambua sululu, ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu uliopinda, kwa mlio kabla yeyote kati yetu hajainua darubini. Hayo siyakanushi.

Kisha vitwitwi wakakusanyika kwenye ulimi wa mchanga, mamia kwa mamia, wengi wamesimama kwa mguu mmoja na midomo wameificha mgongoni. Mwenzetu mmoja akalalamika kwamba ndege waliolala hawapendezi pichani. Mwongozaji akawaendea hadi karibu, akapiga makofi. Kundi zima likaruka, likazunguka juu ya maji, likatua tena. Naye akapiga tena. Mara tatu! Mara ya tatu hawakurudi, tukabaki tunautazama mchanga mtupu.

Nilikuwa nimemsihi kwa upole, baada ya mara ya kwanza, aache. Alinijibu mbele ya wote kwamba ndege wamepewa mabawa ili waruke, na kwamba nisiyependa nikasubiri garini.

Mtu anayeyajua maji kiasi hicho anajua pia kwamba yakijaa, matope yenye chakula hufunikwa, na ndege hawa hubaki na kazi moja tu, kupumzika na kuyatunza mafuta waliyojiwekea kwa safari ya kaskazini, ambayo kila mruko wa bure huyapunguza. Mwaka 2022 ndege mmoja, jamaa ya sululu, aliyefungwa kifaa cha setilaiti, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, zaidi ya kilomita 13,000, bila kutua popote. Safari za namna hiyo huendeshwa na mafuta hayo hayo.

Nilikusudia kutoa nyota tatu kwa ajili ya asubuhi ile, ambayo kwa kweli ilikuwa nzuri. Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ujuzi wake unavyozidi kuniudhi, kwani asiyejua ningemsamehe. Natoa nyota moja, na sitatoka naye tena.