Beasts of No Nation: nilimfuata Idris Elba, nikabaki na mtoto

Nakiri mapema, filamu hii ya watoto wanaofanywa askari niliifungua kwa ajili ya Idris Elba, mwigizaji wa Uingereza. Nilishasoma kwamba Januari 2016 chama cha waigizaji wa Marekani, SAG, kilimpa tuzo ya mwigizaji msaidizi bora, wakati Oscar hata kwenye orodha ya wawaniaji hawakumweka. Nikasema ngoja nione mwenyewe kilichowagawa.

Basi Jumamosi, bando la usiku, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, mdogo wangu pembeni. Mwanzo tulicheka sana. Watoto wana televisheni iliyotolewa matumbo yote, wanazunguka nayo wakitafuta mnunuzi. Mteja akisimama mbele, wenzao wanaingia nyuma ya lile fremu na kuigiza: tamthilia, ngumi, dansi. "Kaka, hawa si ni sisi kabisa," mdogo wangu akasema. Vita ilipofika kijijini kwao, hakusema tena.

Mtoto mwenyewe, Agu, anayeishia mikononi mwa Kamanda wa waasi (ndiye Elba), kaigizwa na Abraham Attah wa Ghana, ambaye alikuwa hajawahi kuigiza filamu yoyote. Kwenye tamasha la filamu la Venice, Septemba 2015, walimpa tuzo ya Marcello Mastroianni, ile ya waigizaji chipukizi. Februari iliyofuata, kwenye Independent Spirit, tuzo za filamu huru za Marekani, akaondoka na ya mwigizaji bora wa kiume na Elba akachukua ya msaidizi. Kesho yake ndiyo ilikuwa Oscar. Filamu haikuwania hata kipengele kimoja, na waigizaji wote 20 waliowania mwaka huo walikuwa Wazungu. Halafu Attah huyohuyo akapandishwa jukwaani pamoja na mwigizaji mtoto mwenzake, Jacob Tremblay, kukabidhi tuzo ya filamu fupi. Ni kama kuitwa ukapakue pilau kwenye shughuli ambayo sahani yako haikuhesabiwa.

Wapo wanaosema tatizo lilikuwa Netflix, walioinunua kwa takriban dola milioni 12 na kuitoa mtandaoni na kwenye kumbi za sinema siku moja, Oktoba 16, 2015. Kampuni nne kubwa za kumbi za Marekani ziligoma kuionyesha kwa sababu hiyo, na mapato ya kumbini huko hayakufika dola laki moja. Mimi naona ugomvi wa biashara ulikuwepo na rangi nayo ilikuwepo.

Elba kaistahili tuzo? Ndiyo, ila si kwa zile hotuba za kupandisha watoto mori. Kuna sehemu Kamanda wake anaitwa na mkubwa wake, anawekwa kwenye chumba cha kusubiri, anasubiri, anasubiri. Mtu ambaye watoto porini walimwona kama mungu kakaa pale kama mwombaji wa mkopo, anajitahidi uso usimwangushe. Hapo nilikubali.

Malalamiko ninayo. Ni saa mbili na dakika kumi na saba, na theluthi ya mwisho inajikokota. Kiingereza chao nilirudisha nyuma mara kadhaa ndipo nikaelewa. Nchi haitajwi jina, na hilo liliniudhi, ingawa hata riwaya ya Uzodinma Iweala ya 2005 iliyozaa filamu hii haiitaji. Na msiitazame kwenye simu kama mimi. Cary Fukunaga kaiongoza na kamera kaishika mwenyewe, na pale watoto wanapoleweshwa dawa majani ya msitu yanageuka mekundu. Kwenye kioo changu ilionekana kama simu imeharibika. Niliirudia kwenye televisheni ya jirani.

Nyota nne kati ya tano. Watoto wasiwepo sebuleni.

Ilipoisha nilidhani mdogo wangu kalala, maana alishageukia ukutani. Kumbe macho kodo. "Yule rafiki yake Agu, Strika," akauliza, "mbona hakusema neno hata moja?"